Mzee wa Studio na Swichi ya Sinema

Pale Ngokolo kila mtu alimwita Mzee wa Studio, nami sitamwita vingine. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, cherehani yangu barazani na yeye ndani ya chumba chake chenye pazia jekundu, na sikumbuki kama nilimtaja kwa jina lake hata mara moja. Mteja wake akiwa hana nguo ya maana, alimvusha kwangu nimbane kwa pini mgongoni ili koti la kuazima limkae sawasawa. Mteja wangu akipendeza ndani ya gauni jipya, nilimvusha kwake kabla hajalivua. Ndivyo tulivyoendesha maisha Shinyanga, katika miaka ile ya tisini.

Neno lake lilikuwa "tulia." Alilisema taratibu, kama muuguzi anayetafuta mshipa. Wakati wa mauzo ya pamba, familia nzima zilikuja kutoka vijijini na vitenge vilivyokuwa bado vinanuka duka, zikajipanga mbele ya kitambaa kikubwa kilichochorwa ndege. Aliyeichora ile ndege nadhani hakuwahi kuiona kwa karibu, maana ngazi zake zilipanda moja kwa moja hadi kwenye bawa. Nilimshauri Mzee airekebishe. Akanijibu kwamba hajapata mteja aliyerudi kulalamika kuwa alishindwa kuingia.

Yeye mwenyewe hakujua kutulia. Chai aliinywa amesimama, ugali aliula akienda na kurudi kati ya mlango na barabara, na kanisani alisimama nyuma karibu na mlango tangu mwanzo wa misa hadi mwisho, hata siku ambazo mabenchi yalikuwa matupu. Padri alimsema, mwishowe akamzoea. Mke wake, kabla hajafariki, aliniambia kwamba katika ndoa yao alimwona mumewe amekaa kitako kwa raha wakati wa malaria tu.

Aliwakataza watu kucheka mbele ya kamera, ila kabla ya kuwapiga picha aliwachekesha mpaka wakafuta machozi. Kisha alisema "tulia," na uso aliouchukua ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kucheka sasa hivi na anajizuia. Mimi nilidhani nimegundua ufundi wake. Nilipomwambia alinuna kutwa nzima. Alisema yeye huwachekesha watu kwa kuwa wametoka mbali na wamechoka, hakuna jambo jingine.

Na maiti hakupiga picha. Siku zile familia nyingi ziliomba, hasa kwa ajili ya ndugu waliokuwa mbali. Mzee aliwasikiliza, akawapa pole, akakataa. "Mimi napiga watu wanaoweza kunikatalia," aliwaambia. Halafu alifunga studio, akaenda nao msibani, akabeba jeneza kama mtu wa ukoo.

Mambo ya video ndiyo yaliyonichanganya zaidi. Vijana kutoka Mwanza walikuwa wameanza kuja kwenye harusi na kamera kubwa za mabegani na taa zilizowaumiza macho mabibi harusi. Mzee aliwadharau waziwazi. Alisema video ni ya mtu asiyejua kuchagua, anayezoa mchele pamoja na mawe yake. Lakini jirani akionyesha mkanda wa harusi sebuleni kwake, Mzee alikuwa wa kwanza kufika. Alitazama kila kitu, hata zile sehemu ndefu ambazo watu wanakula tu, na akiondoka alikuwa kimya. Nilimwuliza siku moja anatafuta nini kwenye kitu anachokidharau. Akasema anatazama makosa.

Basi ikaja ile kamera. Kulikuwa na mzungu mmoja wa miamba, mtu wa kupima mawe, ambaye alikuwa akileta wafanyakazi wake pale studio kupigwa picha za vitambulisho. Mkataba wake ulipokwisha, alimwachia Mzee kamera nzito, nene kama kopo la maziwa ya unga. Haikutumia filamu. Ilimeza diski, zile bapa za mraba ambazo tulikuwa tumeanza kuziona kwenye kompyuta za maofisini, na nyuma yake ilikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha picha palepale. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Mzee kiliishia kwenye "passport size."

Aliyemwelewesha ni kijana wa duka la vitambaa, mtoto wa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiniuzia bitana na vifungo. Yeye alikuwa na kompyuta. Aliigeuza kamera huku na huku, akamwonyesha swichi ndogo pembeni. Ukiisukuma huku, akasema, unapiga picha ya kawaida. Ukiisukuma huku, inachukua sinema fupi, sekunde chache tu, pamoja na sauti. Hapa unafungua uliyochukua, na hapa unafuta. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ile swichi ya sinema inaweza kuondolewa. Kijana akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Kwa miezi kadhaa Mzee alitembea na swali lile kama mtu mwenye jino bovu. Kila mpiga picha aliyepita Shinyanga aliitwa ndani, akaonyeshwa kamera, kisha akaulizwa: ungekuwa wewe, ungeitumia hii ya sinema? Mmoja wa Kahama, kijana, alisema angeitumia siku hiyohiyo, kwa sababu kitu kikiweza kufanya kazi mbili, kukitumia moja ni kukitukana. Mwingine wa Nzega, mtu mzima, alisema maksai wa kulima hakamuliwi. Mzee alikubaliana na wote wawili. Mtu akishaondoka, alinigeukia na kuniuliza mimi, fundi cherehani. Nilimwambia mashine yangu ina kitufe cha kudarizi maua ambacho sijawahi kukigusa, na bado nalala usingizi. Jibu hilo lilimpendeza kwa siku moja.

Kila kiangazi alikuwa na kawaida ya kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Wachimbaji walipenda kupigwa picha wakiwa wameoga na kuvaa, wazitume nyumbani, ili wazazi wasijue wanavyoishi. Mwaka ule alibeba kamera yake ya filamu na ile ya mzungu. Aliporudi, picha za filamu zilikwenda Mwanza kusafishwa kama kawaida. Ile ya diski aliilalamikia. Alisema kuna watu iliwakataa. Aliwapanga, akawaambia watulie, akabonyeza, kisha picha haikubaki kwenye kioo kama alivyotarajia, akadhani ni vumbi limeingia. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini.

Mvua zilipoanza, duara moja kule machimboni, yaani shimo la wachimbaji, lilibomoka na watu ndani. Mmoja wao aliitwa Masanja, wa kijiji cha upande wa Songwa. Wenzake walichimba kadiri walivyoweza, lakini maji yalikuwa yanaingia, wakaacha. Aliyeleta habari nyumbani alileta redio ya Masanja na viatu vyake, basi. Hapakuwa na mwili wala kaburi. Mama yake alisema hawezi kumlilia mtu kwa sababu ya viatu. Akakataa kuanzisha matanga.

Alikuja studio asubuhi moja, mama mrefu mwenye kanga iliyofuliwa hadi rangi ikapotea, akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kisukuma kama hapa ndipo kwa yule mzee aliyekwenda machimboni na kamera. Wenzake Masanja walikuwa wamemwambia kwamba mwanawe alipigwa picha, tena na shati jeupe. Mzee alitafuta katika picha zilizotoka Mwanza. Hakumwona. Nilimtazama akikumbuka, na nikaona uso wake unavyobadilika. Shati jeupe lilikuwa mojawapo ya zile picha zilizokataa.

Angeweza kumwambia hivyo, mama akaenda zake. Badala yake alinong'ona nami pembeni kwamba hawezi kumrudisha mikono mitupu bila kujaribu. Akamkalisha mama kwenye kiti cha wateja, akaitoa ile kamera, akaanza kuingiza diski moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na futi yangu shingoni. Zilipita sura za watu wengi. Kisha akatokea kijana mwenye shati jeupe, amesimama wima, mikono ubavuni.

"Huyu hapa," Mzee akasema, na pumzi ikamtoka. Akabonyeza ili picha ijae kwenye kioo.

Picha ikatikisika. Kijana akapepesa macho. Kwanza nilidhani ni mkono wa Mzee unaotetemeka. Halafu nikasikia sauti ya Mzee mwenyewe ikitoka ndani ya kamera, ndogo kama ya redio iliyoishiwa betri: "Tulia." Na yule kijana akajibu, "Nimetulia, Mzee. Inzi ndiye hatulii." Akapunga mkono mbele ya pua, akacheka, akaanza kuuliza, "Bado?" Kioo kikaganda hapo, mdomo wake ukiwa wazi.

Swichi ilikuwa imesukumwa huko safarini, na Mzee alikuwa amechukua sinema bila kujua. Sasa alikuwa ameishika kamera mbali na kifua chake, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua. Mama Masanja hakulia. Alisogeza kichwa karibu na kioo, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado, ng'wanone," yaani bado, mwanangu. Kisha akamwomba Mzee amwite tena.

Hilo ndilo neno alilotumia, amwite. Mzee akamwita tena, na tena.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila siku ya mnada. Alileta michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, au karanga, akatugawia sote wawili, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mzee alileta kamera. Mara ya kwanza na ya pili nilikwenda kutazama. Baadaye nilibaki kwenye cherehani na kusikiliza kupitia ukutani: tulia, inzi, kicheko, bado. Wateja waliokuwa ndani walisubiri nje. Hakuna aliyenung'unika mbele yake.

Sikujua niyaone vipi. Siku nyingine niliona ni baraka. Mama yule aliingia ameinama na kutoka amenyooka, akaniuliza habari za wanangu, akasifu kazi yangu. Siku nyingine niliogopa. Alianza kusema mambo ya ajabu, kwamba mtu anayecheka vile hajafa, kwamba labda alitoka kwa upande mwingine wa shimo akaenda rashi, kwenye machimbo mapya, kama vijana wanavyofanya dhahabu ikitokea mahali. Aliniambia Masanja amenenepa. Alimaanisha tangu wiki iliyopita.

Mzee naye alikuwa haeleweki. Asubuhi ya mnada alisema leo atamwambia basi inatosha. Mama akichelewa, alikuwa anatoka barabarani kumtazamia. Aliacha kuwachekesha wateja. Na lile neno lake akawa halitamki. Aliwaonyesha watu kwa mkono tu, wakae hivi, wainue kidevu hivi. Nilimwuliza kama anaumwa koo. Akaniambia kwamba kila akitaka kulisema, analisikia likitoka mle ndani.

Aliyekuja kuyamaliza ni mkwe wake mama yule, mke wa Masanja. Alikuja siku isiyo ya mnada, binti mdogo bado, na mtoto mgongoni. Alinisalimia, akamwamkia Mzee, akakataa kiti. Nilidhani amekuja kumwona mumewe, na Mzee alidhani hivyo pia, maana alianza kwenda kabatini. Yule binti akamwambia asiitoe. Alisema taratibu, akitazama chini, kwamba kwao wanamwita arudi, na ukoo wa mume unamwambia asubiri, na mama mkwe kila akitoka mnadani anamwambia apike chakula cha kutosha kwa sababu Masanja anauliza kama ni bado.

"Mzee," alisema, "mimi ni mke wa mtu au ni mjane? Nikimwuliza mama, anasema nikaulize kwenye kamera. Ndiyo nimekuja kuuliza."

Mzee alikaa. Katika miaka yote ile, hiyo ndiyo siku niliyomwona akikaa kwenye kile kiti cha wateja. Binti alisubiri jibu kwa heshima, akambembeleza mtoto, kisha akatuaga akaondoka. Mzee alinifuata barazani. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Kumnyima mama wa watu sauti ya mwanawe ni ukatili. Kumwacha binti yule akipika chungu cha mtu aliye chini ya udongo nako ni ukatili. Nilirudi kushona, nikakosea mkono wa gauni, nikaufumua.

Siku ya mnada iliyofuata mama alikuja kama kawaida. Mzee aliingiza diski. Kioo kikawa cha buluu tupu, na maandishi mafupi ya Kiingereza katikati. Aliitoa diski, akaipuliza, akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Buluu ileile. Alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisema tumpelekee kijana wa duka la vitambaa aisome, lakini mama aliweka kiganja chake juu ya kamera, juu ya mkono wa Mzee.

"Mwache," alisema. "Amechoka."

Akakaa pale muda, mikono mapajani. Kisha akamshukuru Mzee, "wabeja," akanishukuru na mimi, akatuachia karanga zake, akatoka. Wiki ileile tuliletewa habari kwamba matanga yameanzishwa. Tulikwenda, Mzee na mimi. Mama Masanja alikuwa amenyolewa nywele, amekaa mkekani kati ya wanawake, analia kama mtu yeyote anavyolia. Mkwe wake alikuwa pembeni yake, amemshika. Mtu mmoja wa ukoo alimwuliza Mzee mbona hakuja na kamera, wakati kuna wageni wa mbali. Mzee alisema kamera imeharibika. Kesho yake asubuhi nilimwona anapiga picha za pasipoti kwa kamera ileile ya mzungu.

Hilo lilinikaa moyoni. Lakini sikumwuliza, na yeye hakusema. Tuliendelea kuvushiana wateja. Haikuchukua muda ikafunguliwa studio ya rangi mjini, ile ya kusafisha picha siku hiyohiyo, na wateja wake wakapungua mpaka akafunga, akahamia Kahama kwa binti yake.

Nilimwona tena nilipokwenda Kahama kupeleka magauni ya harusi. Niliuliza njia, nikaelekezwa mtaa wa Nyahanga, nikamkuta uani kwa binti yake, amesimama, anakunywa chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita Mama Neema kwa furaha iliyonifanya nione aibu kwa kuchelewa kumtembelea. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Tuliongea habari za Ngokolo, nani amejenga, nani amehama. Nikamwuliza kama bado anaitumia kamera ya mzungu. Alisema anaitumia, kwa vitambulisho tu. Na ile swichi ya sinema? Akasema haigusi. Kisha akanieleza, bila kuona tatizo lolote, kwamba jirani yake mmoja, kijana mpiga picha, alikuja kumwuliza namna ya kuitumia, naye akamfundisha yote, mwanzo hadi mwisho, na akamhimiza achukue sinema za watoto wake.

Nilicheka. Naye akacheka. Nikaona kama sitamwuliza leo, sitamwuliza tena.

"Mzee," nikasema, "ile diski ya Masanja iliharibika, au uliifuta?"

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika. Akaanza kueleza kwa utaratibu, kama mtu ambaye ameshajieleza mwenyewe mara nyingi. Asubuhi ile, kabla mama hajafika, alitaka kumwona kijana peke yake. Aliingiza diski, akabonyeza. Huenda alibonyeza pasipo penyewe, mikono haikuwa mizuri siku hiyo. Kamera haikumwonyesha Masanja. Ilileta maandishi kwanza.

"Ilikuwa inaniuliza kitu," alisema. "Kwa Kiingereza. Nikabonyeza ndiyo."

"Ulijua inauliza nini?"

Mzee alinitazama kwa yale macho yenye ukungu.

"Nilijua inauliza," akasema.

Binti yake alitoka jikoni na sahani ya viazi, akatukaribisha, akarudi ndani. Mzee aliniuliza habari za Mama Masanja. Nilimwambia hajambo, nilimwona mnadani, nywele zimeota, analea mjukuu, na yule mkwe ameolewa Maswa. Akaitikia kwa kichwa. Tukala. Baada ya kitambo akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama Mama Masanja hajambo, na mimi, ambaye sikujua anataka nimjibu nini, nikamwambia tena kwamba hajambo.